Posa ya Marehemu Kapele

Barua ya posa ilirudi Kimara siku ya Jumanne, saa nne asubuhi. Ililetwa na bodaboda mwenye haraka zake, na juu ya bahasha mtu alikuwa ameandika kwa wino mwekundu: MHUSIKA AMEFARIKI.

Mzee Lusungu aliyasoma maneno hayo mara tatu. Kisha akainua macho kumtazama mhusika. Mhusika alikuwa ameketi kibarazani kwenye kiti cha plastiki, mguu juu ya mguu, anachovya kipande cha muhogo wa kukaanga kwenye chachandu, na kwa namna alivyokuwa akitafuna hakuonyesha dalili yoyote ya kufariki.

"Wamejibu?" akauliza Mwalimu Augustine Kapele, mdomo umejaa.

"Wamejibu," Lusungu akasema, huku akiisukumia bahasha chini ya shati kama mtu aliyekwapua kuku wa jirani. "Yaani... wanaendelea kutafakari."

"Watafakari tu. Familia ya watu makini ile." Mwalimu akachukua kipande kingine.

Lusungu ndiye mshenga. Tena si mshenga wa kuokotwa njiani. Karani mstaafu wa shule, shati limenyooshwa mpaka linasimama lenyewe, ulimi wa kumtoa nyoka pangoni. Alikwisha kupeleka posa kumi na moja katika maisha yake na hakuna hata moja iliyokataliwa. Kukataliwa ni jambo la kawaida, linamtokea mwanaume yeyote. Lakini kujibiwa kwamba muoaji wako ni maiti! Hilo hakuwahi kulisikia, si Kimara, si Tukuyu kwao.

Na posa hii ilikuwa ya rafiki yake wa damu. Mwalimu Augustine alikuwa na miaka sitini na minne, mjane kwa mwaka wa saba. Bernadeta, fundi cherehani wa Kawe, naye mjane, alikuwa na hamsini na tatu. Mapenzi yao yalianzia kwenye suruali. Mwalimu aliipeleka ikapunguzwe kiuno, akairudisha ikapunguzwe urefu, akairudisha tena, na tena, mpaka mara ya tano Bernadeta akaikunja mezani na kumwambia, "Mwalimu, hii sasa inakuwa kaptula. Sema unachotaka." Mwalimu akasema. Bernadeta akacheka, akajibu kwamba yeye amekubali, ila aliyemlea ni shangazi yake, Kokushubila, na kwa shangazi huyo hata upepo hupiga hodi.

Mwalimu alipokwenda ndani kunawa, Lusungu akazunguka nyuma ya nyumba, akasimama kati ya karo na kamba ya nguo, akapiga simu Kawe.

"Shikamoo, mama."

"Shikamoo yako kaa nayo," ikajibu sauti ya Shangazi Kokushubila. "Kwanza niambie, nyie mko wangapi kwenye hilo genge?"

"Genge gani tena, mama yangu?"

"La kutumia majina ya marehemu! Mnamchukua mwalimu wa watu, mtu aliyelala zake kaburini, mnampachika jina lake sijui nani huko Kimara, mnakuja kuposa mwanangu. Hamna haya?"

Lusungu akashika kamba ya nguo. Ilikuwa karibu.

"Zamani tukipokea posa," shangazi akaendelea, "tunamtuma mtu akaulize kwa majirani. Siku hizi majirani wenyewe hawajuani. Nikamwambia huyu mjukuu wangu Rogers, hebu andika hilo jina kwenye simu tuone mtandao unamjuaje. Rogers! Msomee!"

Sauti ya kijana ikaja, polepole, kama anasoma waraka wa askofu: "Tanzia. Mwalimu Augustine Kapele. Umoja wa Walimu Wastaafu Chaki unasikitika kutangaza kwamba mwenzetu amepumzika leo asubuhi. Atakumbukwa kwa kipaji chake cha kuandika ubaoni kwa mikono yote miwili kwa... halafu kuna vidoti, mzee."

"Umesikia?" Shangazi akachukua simu yake. "Na ukibonyeza uingie ndani, hamna kitu. Ukurasa haupo! Mmefuta ushahidi, lakini Mungu si Athumani. Jumamosi saa tisa ukoo unakaa hapa kwangu. Tukimaliza, majina yenu yanakwenda polisi. Lako la kwanza, maana lako ndilo lililo hai."

Akakata.

Lusungu aliishusha simu. Maneno yale aliyasikia vizuri. Tena aliyajua kuliko Rogers aliyeyasoma, kwa sababu aliyeyaandika alikuwa yeye mwenyewe.

Ilikuwa hivi. Mwezi uliotangulia Mwalimu alilazwa kufanyiwa upasuaji wa ngiri. Wastaafu wote walikaa mkao wa simu. Saa tatu asubuhi, binti yake, Asifiwe, akatuma ujumbe kwenye kundi lao la simu: *Baba amepumzika. Tunamshukuru Mungu kwa yote.* Sasa wewe mwenzangu niambie, mtu aliyeingia chumba cha upasuaji, akaambiwa amepumzika, na Mungu akashukuriwa juu yake, unaelewa nini? Lusungu, katibu wa Umoja, alilia dakika tano, akajifuta, akaketi kwenye kompyuta na kuandika tanzia kwenye tovuti yao. Aliandika vizuri, maana kifo cha rafiki kinanoa kalamu. Dakika arobaini baadaye Asifiwe akapiga simu anapiga kelele: "Baba Lusungu! Amepumzika, amelala! Dawa ya usingizi! Ameamka anaomba uji!"

Lusungu alifuta ule ukurasa palepale. Wakakubaliana na Asifiwe kwamba Mwalimu asijue kamwe. Mshono ulikuwa mbichi, mshtuko ungeweza kuufumua. Na kweli hakujua. Lusungu akaizika tanzia ile moyoni, akadhani imeoza.

Akaandika jina la rafiki yake kwenye simu. Ikatokea. Ya kwanza kabisa, juu ya zote: *TANZIA: Mwalimu Augustine Kapele.*

"Yesu wangu," akasema. "Si nilikuzika wewe?"

* * *

Mabibo, jirani na hosteli za wanafunzi, kulikuwa na kiduka chembamba kama korido kilichoandikwa UCHAPAJI NA TOVUTI. Mwenyewe ni Najma, mama wa watoto wawili, mzaliwa wa hapohapo mjini. Ndiye aliyewatengenezea wastaafu tovuti yao, na tangu hapo alikuwa akiwacheka kwa upendo.

"Shikamoo, mzee wangu. Leo nani kafa?"

Lusungu alikaa kwenye benchi kama gunia lililotupwa. "Usinitanie, mwanangu. Leo aliyekufa hajafa."

Alimweleza yote. Najma alisikiliza, mkono mdomoni, macho yanazidi kutoka. Alipofika kwenye bahasha yenye wino mwekundu, Najma aliinama chini ya meza kabisa, na mabega tu ndiyo yaliyoonekana yakitikisika.

"Cheka umalize," Lusungu akasema. "Halafu uniambie. Kitu nimekifuta kwa mkono wangu huu. Kinaonekanaje?"

"Haya." Najma alijifuta machozi kwa ncha ya mtandio. "Mtu akitafuta jina kwenye simu, ile injini ya kutafutia haiji kuchungulia kwako saa hiyohiyo. Haina muda huo, dunia ni kubwa. Ina vijitu vyake, sie tunaviita buibui. Vinatembea mtandaoni mchana na usiku, vinaruka ukurasa hadi ukurasa, na kila vinapofika vinachukua nakala vinapeleka ghalani. Anayetafuta anapewa ya ghalani. Simu haikujui wewe, inajua nakala yako."

"Na hiyo nakala habadilishi mtu?"

"Inabadilika buibui wakirudi. Gazeti linaloandika kila saa, wanarudi kila saa. Nyie mara ya mwisho mmeandika nini?"

"Mwaka jana. Mwaliko wa chai."

"Basi. Nyumba isiyo na ngoma nani ataipitia?"

"Lakini Najma, ilikaa dakika arobaini tu! Wamejuaje haraka hivyo?"

"Niliitegesha mimi ili ijitangaze yenyewe ikipata habari mpya. Ulipobonyeza kuchapisha, tovuti ilipiga yowe. Na yowe la msiba, mzee wangu, unajua mwenyewe, watu hawasubiri kualikwa."

Akageukia kompyuta, akaanza kubofya. Ghafla mikono ikasimama. Akasogeza uso karibu na kioo, akarudi nyuma, akamtazama Lusungu, akakitazama kioo tena. Safari hii hakucheka.

"Mzee. Nani kafunga huu mlango?"

"Mlango upi?"

"Kila tovuti ina kijikaratasi cha langoni. Buibui wanakisoma kwanza kabla ya kuingia. Chenu kimeandikwa: ni marufuku, nyote, popote. Nani kaandika?"

Lusungu akajinyoosha kidogo. Kwa mara ya kwanza siku ile aliona nafasi ya kusifiwa. "Mie hapo. Marijani, yule fundi simu wa Kimara, alinielekeza. Alisema nikiwafungia hawataisambaza tena ile tanzia. Niliandika siku ileile, na nikahakikisha."

Najma alifunga macho.

"Mzee Lusungu. Uliwafungia nje wakiwa wameshatoka na maiti."

"Eh?"

"Wameondoka na nakala ya msiba, ukafuta msiba, halafu ukapiga kufuli! Sasa nani aingie aone kwamba marehemu yuko barazani anakula muhogo? Hawa viumbe wana adabu. Wakiambiwa wasiingie, hawaingii. Mwezi mzima wanafika langoni, wanasoma marufuku yako, wanageuza. Wamebaki na neno la mwisho waliloliona, na la mwisho ni tanzia."

Mzee akaona kama sinema: mwezi mzima, kila walipokuja kumfufua Mwalimu, yeye Lusungu yuko langoni na rungu.

"Mie ndiye niliyemuua," akasema kwa sauti ndogo. "Na nikalinda kaburi."

"Tusilie, tufanye kazi." Najma alikiondoa kile kijikaratasi. Akamwambia asiuache ukurasa mtupu, aandike ukweli palepale penye anwani ileile. Lusungu akaandika, vidole viwili, herufi moja moja: *MAREKEBISHO. Mwalimu Augustine Kapele yu hai. Alipumzika kwa maana ya kulala usingizi.* Kisha Najma akatuma ombi kwamba buibui waje upya.

"Kwa hiyo Jumamosi watakuwa wamekuja?"

"Labda leo jioni, labda wiki ijayo. Ombi ni ombi, siwezi kukuapia. Na atakayekuapia, jua anataka kukuuzia kitu." Najma akamtazama kwa huruma. "Ila nikuulize. Hao watu wa Kawe, huyo bwana wameshawahi kumwona kwa macho yao?"

"Muoaji hapeleki posa yake mwenyewe, mwanangu. Ndiyo maana kuna mshenga."

"Ahaa," akasema Najma, akiiacha kompyuta. "Kwa hiyo nao wanaishi na nakala."

* * *

Kumwambia Mwalimu kulichukua siku tatu. Jumanne Lusungu alikohoa. Jumatano akaanza habari ya hali ya hewa. Alhamisi, baada ya kuitazama simu asubuhi na kuikuta bado inaomboleza, akampa bahasha na simu kwa pamoja, akarudi hatua mbili nyuma.

Mwalimu alivaa miwani. Akasoma bahasha. Akasoma simu. Mkono wake wa kushoto ukashuka taratibu mpaka kwenye mshono, kama anahakikisha kwamba bado yumo.

"Hii ni lini?"

"Siku ya upasuaji."

"Nilikufa nikiwa nimelala."

"Dakika arobaini tu, Augustine."

"Na Bernadeta ameyaona haya?"

"Ameonyeshwa. Amewaambia anakujua. Shangazi kamjibu, wewe umependa, huna macho."

Mwalimu aliikunja bahasha mara mbili, akaikunjua. Mwishowe akasema, "Thelathini na sita."

"Nini hizo?"

"Miaka niliyofundisha. Na wewe umeniandikia mistari mitatu."

"Nilikuwa nalia, bwana!"

"Ungelia mistari sita." Akavua miwani. "Lusungu, mimi sina shule tena, sina mke, watoto wana nyumba zao. Nilikuwa nimebakiwa na jambo moja la kutazamia. Moja. Nalo umelizika."

Hapo ulimi wa kumtoa nyoka pangoni ulikauka. Lusungu alikaa chini, sakafuni, shati lake lililonyooshwa na kila kitu.

"Jumamosi nakwenda kwa huyo shangazi," Mwalimu akasema.

"Haiwezekani! Mila! Muoaji haendi mwenyewe!"

"Muoaji haendi," Mwalimu akakubali, akisimama. "Marehemu hajakatazwa."

* * *

Jumamosi saa tisa kamili ukoo ulikuwa umejaa sebuleni kwa Shangazi Kokushubila. Lusungu alipiga hodi. Akafungua Rogers, simu mkononi. Akamwona Lusungu, akakunja uso. Akaona suti ya kijivu nyuma yake, na sura juu ya suti, akauliza, "Huyu nani?"

"Augustine Kapele," ikajibu suti.

Simu ilianguka. Ndani mtu akapiga yowe, kikombe kikavunjika, na mjomba mmoja mnene, ambaye mpaka hapo alikuwa amesinzia, akapaza sauti: "Kama si tapeli ni msukule! Mwangalieni miguu!"

Watu wakamwangalia miguu. Viatu vilikuwa vimepigwa kiwi.

Shangazi Kokushubila hakuinuka. Alikuwa mwembamba, mkongojo mapajani, macho kama ya mtu anayehesabu karanga. "Mshenga," akasema, "umemleta muoaji mwenyewe kwenye kikao cha posa. Tangu nizaliwe sijaona."

"Shikamoo, mama." Lusungu alipiga magoti. Mzee wa miaka sitini na moja, magoti yakalia. "Nimekuja kukiri. Ile tanzia niliandika mimi. Niliambiwa amepumzika, nikadhani amepumzika. Nikaifuta, nikafunga mlango, kumbe nimefungia ukweli nje. Kosa ni langu peke yangu. Huyu hakujua kitu."

Bernadeta alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni, futikamba shingoni, mkono umebana kifua. Alikuwa anamtazama Mwalimu tu.

"Rogers," shangazi akasema, "tafuta tena."

Rogers aliokota simu, akaandika. Wote waliinama kuelekea kwake.

"Bado amekufa, bibi."

Mguno ukazunguka sebule. Siku nne nzima! Mlango uko wazi, na wale viumbe wenye adabu hawajapita.

"Soma yote."

Rogers akasoma. Alipofika "kuandika ubaoni kwa mikono yote miwili," shangazi akainua mkongojo.

"Hapo hapo. Tapeli anaweza kuiba jina. Anaweza kuiba na kitambulisho. Mikono haiibiki. Bernadeta, lete ile chaki yako ya kuchorea vitambaa. Vipande viwili."

Bernadeta akaleta, bapa mbili nyeupe. Alipompa Mwalimu vidole vyao viligusana, na mjomba mnene akakohoa kwa niaba ya ukoo.

"Mlango ule," shangazi akaelekeza. Ulikuwa mlango wa chumba chake, umepakwa rangi ya buluu iliyokolea. "Mkono wa kulia uandike nitakalosema. Wa kushoto, Rogers, mpe hesabu."

"Saba mara nane," akasema Rogers upesi.

"Na wa kulia: *Mimi ni Augustine Kapele, na nimekuja mwenyewe.* Kwa wakati mmoja. Nikiona mkono mmoja unasubiri mwenzake, tunaita polisi."

Mwalimu alivua koti, akampa Lusungu. Akasimama mbele ya mlango, chaki mbili mikononi, na mgongo wake ukanyooka kwa namna ambayo Lusungu hakuwa ameiona tangu siku ya kustaafu. "Shule yangu ya kwanza," akasema bila kugeuka, "ilikuwa na ubao mmoja na madarasa mawili. La tatu walikaa kushoto, la nne kulia. Hakuna aliyetaka kusubiri."

Mikono ikaondoka pamoja. Kulia sentensi inatambaa kwa mwandiko wa kitabuni, kushoto tarakimu zinasimama moja moja. Chaki zinakwaruza kwa sauti mbili tofauti, na kichwa chake hakigeuki huku wala huku. Nukta ya kulia na sita ya kushoto zikagonga mlango kwa pamoja. *Tap.*

Mjomba mnene alikuwa amesimama bila kujua.

"Hamsini na sita," shangazi akasema taratibu. "Ni sawa?"

Rogers akabofya simu. "Ni sawa, bibi."

"Angalau hilo inalijua." Akageuka, akamtazama Mwalimu muda mrefu kuanzia kiwi mpaka mvi. Kisha akamgeukia Bernadeta. "Wewe ulisema unamjua."

"Nilisema, shangazi."

"Sikukusikia. Nilikuwa nasikiliza simu." Akagonga mkongojo sakafuni. "Posa imepokelewa. Mshenga, una faini. Jogoo mmoja. Aje yu hai, tena aje anawika, nimsikie kwa masikio yangu."

Vigelegele vikapasuka kutoka jikoni. Lusungu alijaribu kuinuka, magoti yakakataa, ikabidi marehemu amsaidie.

Dada mmoja akaja na kitambaa chenye maji, akaelekea kwenye mlango wa buluu.

"Usifute!" shangazi akafoka, wote wakashtuka upya. "Yakae hapo mpaka simu ikubali."

Basi yakakaa. Kila asubuhi Shangazi Kokushubila alimwita Rogers atafute, na kila asubuhi Rogers akasema bado. Jumapili bado. Jumatatu bado. Jumatano alfajiri simu ya Lusungu ikalia, akaipokea kabla haijalia mara ya pili.

"Mshenga," ikasema sauti ya Kawe. "Amefufuka."

"Wamepita, mama? Inasemaje?"

"Inasema yu hai, kwamba alilala usingizi. Nimemwambia Rogers asome mara mbili." Lusungu akasikia kitambaa chenye maji kikipita juu ya mbao, taratibu, kikasita. "Hii *Mimi ni Augustine Kapele* nimeifuta. Lakini hii *nimekuja mwenyewe*... hii naiacha kwanza."